Ukumbi Wetu na Majina Yaliyo Ukutani

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, kamati imetuomba tuandike historia ya ukumbi ulio ubavuni mwake. Tumeiandika kwa Kiswahili kwa kuwa wazee wetu wengi hapa Leicester walizaliwa Jinja, Kisumu, Tanga au Unguja, na hata leo wakigombana jikoni hugombana kwa lugha hiyo. Tena majirani zetu kutoka Kongo na Burundi, wanaokodi ukumbi kwa arusi na matanga, wanastahili kujua wamekaa chini ya dari ya nani.

Leicester ni mji wa viwanda. Kwa zaidi ya karne moja uliwavisha Waingereza soksi, fulana na viatu. Wafanyakazi wake waliishi katika nyumba za matofali mekundu zilizoshikana safu kwa safu, na kila baada ya mitaa michache palikuwa na kanisa dogo na ukumbi wake. Kufikia miaka ya 1970 waumini wa makanisa mengi walikuwa wamepungua, nasi tulikuwa tukiwasili.

Hatukualikwa. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wenye pasi za Kiingereza, na muda uliotolewa ukawa siku 90. Mwezi wa Septemba halmashauri ya Leicester ikachapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi watu wasije kwa kuwa nyumba, shule na huduma zimeelemewa. Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba jina la mji huu walilijua kwa mara ya kwanza katika tangazo hilo. Wakaja.

Waliokuwa na maduka wakawa vibarua wa zamu ya usiku. Mama zetu, ambao kule walikuwa na yaya na mpishi, wakakaa kwenye cherehani za viwandani. Mahali pa kuchezea garba wakati wa Navratri hapakuwapo. Tulikodi kumbi za shule, tukafagia usiku uleule ili watoto wa watu wasome asubuhi. Hatimaye kila familia ikaanza kuchanga kila wiki kutoka bahasha ya mshahara, tukanunua jengo hili, kanisa lililokwisha kufungwa. Hatukuwa peke yetu. Wajaini walinunua kanisa la zamani la Oxford Street na kulipamba kwa marumaru nyeupe, hekalu lao likawekwa wakfu mwaka 1988. Masingasinga wamefanya gurdwara katika kiwanda cha zamani cha nguo za kufuma, mtaa wa Holy Bones.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo vitabu vya ukumbusho hupenda kuliruka. Kule Afrika Mashariki pia tulikuwa na kumbi: za Walohana, za Wapatel, za Waoshwal, kila jamii na wake. Zilijengwa vizuri na zilitunzwa vizuri. Lakini jirani yetu Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, kupika au kufagia. Sisi tulioandikiwa gazetini tusije, tulikuwa tumekwisha kuandika tangazo kama hilo bila wino.

Ukutani kuna mawe yenye majina ya waliojenga kanisa lile. Tulipofanya ukarabati wa kwanza, baadhi yetu walitaka yapigwe lipu. Mhazini wetu wa wakati huo, mzee aliyeacha duka na daftari zake zote Kampala, alikataa. Alisema yeye anajua jinsi jina la mtu linavyofutwa mlangoni kwa brashi moja. Mawe yakabaki, na ubao wa wafadhili wetu ukawekwa kando yake.

Mwaka huu paa lilipovuja, majirani waliokodi ukumbi walileta mchango wao bila kuombwa. Wengine katika kamati wanataka majina yao yaandikwe kwenye ubao uleule. Wengine wanasema ubao ni wa wanachama, na watengenezewe wao wa pekee karibu na mlango wa jikoni. Sisi tumekwisha kutoa rai yetu: mlango wa jikoni tunaujua. Kikao ni Jumapili baada ya sherehe, saa kumi jioni, humu ukumbini, na majirani wamealikwa.