Bima ya Paa la Nyumba: Hukumu Yake na Mipaka ya Fidia

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Sahaba zake.

Kila upepo mkali unapopita hutufikia masuali mawili kutoka kwa walioezuliwa mapaa: je, bima ya nyumba inafaa kisheria? Na je, mwenye bima anastahiki paa zima jipya, au kile kilichoharibika tu?

Tukianza na mkataba wenyewe, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao cha Jeddah cha Disemba 1985, iliamua kuwa bima ya kibiashara ina gharar kubwa inayoufisidi mkataba, kwa hiyo ni haramu. Wapo wanavyuoni walioihalalisha, akiwemo Sheikh Mustafa az-Zarqa, lakini sisi tunashika azimio la Majmaa. Gharar hapa haihitaji maelezo marefu: huyu analipa miaka kumi na paa lake halijaguswa, yule analipa miezi miwili na mnazi unaangukia kenchi zake.

Mbadala ni takaful. Wanachama huchangia mfuko kwa nia ya tabarrui, kampuni huusimamia kwa ujira, na mfuko ukipungukiwa kampuni huukopesha bila ya riba. Mfano wake ni wale Ash'ari waliosifiwa na Mtume (s.a.w.) kwa kukusanya chakula chao kilipopungua na kukigawana sawa.

Ndugu zetu wa Uingereza hutwambia kuwa benki iliyogharamia nyumba huwawekea sharti la bima ya jengo. Asiyepata takaful na akalazimishwa ana udhuru, ila asizidishe zaidi ya alicholazimishwa.

Ama fidia, iwe bima ya kawaida au takaful, hati za nyumba hufanana katika jambo moja: hulipa balaa la ghafla, kama dhoruba, moto au mti ulioanguka. Kutu, mchwa, makuti yaliyooza na misumari iliyolegea kwa miaka ni uchakavu, na uchakavu ni matengenezo ya mwenye nyumba. Tazama pia kama hati inalipa bei ya paa jipya au inakata thamani ya umri wa paa lako. Tofauti yake ni kubwa. Na usikate bima kwa thamani pungufu. Nyumba ya shilingi milioni 60 iliyokatiwa bima ya milioni 30, hasara ya milioni 10 inaweza kulipwa milioni 5 tu, na hapo bado hakijatolewa kile kiasi cha mwanzo anachojibebea mwenye nyumba.

Paa likiezuliwa, piga picha, funika kwa turubai mvua isizidishe hasara, na usitupe mabati ya zamani kabla ya mkadiria hasara kuyaona.

Sasa lile ambalo watu hulichukulia jepesi. Upepo umeng'oa mabati 10 katika 40, na yaliyobaki yana kutu. Fundi anasema, "Tuandike yote, bima italipa." Hili halifai. Ni kula mali ya watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suuratun-Nisaa, aya ya 29. Katika takaful ni zito zaidi, maana mwenye fedha ni mwanachama mwenzako, pengine mjane wa mtaa wa pili. Na kuificha kutu siku ya kukata bima ni ghishi vilevile. Lakini kenchi zikipasuka kwa dhoruba hiyo hiyo, ni haki yako kuzidai. Mwambie fundi aandike sababu na apige picha kila ufa.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kwa Tanzania, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Wallahu a'lam.