Lishe katika matibabu ya sonona na wasiwasi

Lishe katika matibabu ya sonona na wasiwasi ni matumizi ya chakula cha kila siku kama nyongeza ya tiba za maradhi hayo, ambazo kuu ni dawa na mazungumzo na mtaalamu. Neno la kushika hapa ni nyongeza. Anayemwambia mgonjwa wa sonona aache vidonge vyake ale mboga tu anahatarisha maisha ya mtu.

Kwamba mlo unaweza kuvuruga akili ni jambo lililothibitishwa zamani kupitia pelagra, ugonjwa wa watu wanaoishi kwa mahindi bila kitoweo cha maana. Ngozi hubabuka, tumbo huharisha, kisha huja huzuni na kuchanganyikiwa. Daktari Joseph Goldberger alianza kuuchunguza kusini mwa Marekani mwaka 1914 akaonyesha kwamba chanzo ni umaskini wa chakula, si vijidudu. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alitambua kuwa niasini, mojawapo ya vitamini B, hutibu upungufu wa aina hiyo kwa mbwa, na punde ikatumika kwa binadamu. Upungufu wa vitamini B12 na wa madini ya chuma nao huleta uchovu na kukosa raha, ndiyo maana ni busara damu ipimwe mapema.

Lakini wagonjwa wengi wa sonona hawana upungufu wa namna hiyo. Je, nao mlo huwasaidia? Swali hili lilipata jibu la kwanza lenye uzito mwaka 2017 nchini Australia, katika jaribio lililoitwa SMILES, likiongozwa na Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin. Watu 67 wenye sonona ya wastani hadi kali, wengi wao tayari wakiwa kwenye matibabu, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilikutana na mtaalamu wa lishe mara saba kwa wiki 12 na kuelekezwa kula nafaka zisizokobolewa, maharage na jamii yake, mboga, matunda, samaki, karanga na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitu vitamu, vyakula vya kukaanga na vya viwandani. Kundi la pili lilipewa mtu wa kuongea naye kwa muda uleule. Mwishoni, takriban asilimia 32 ya waliobadili mlo walikuwa wametoka kabisa kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao. Uzito wa mwili haukubadilika, kwa hiyo nafuu haikutokana na kukonda. Tena gharama ya mlo huo ilikadiriwa kuwa chini kuliko waliyokuwa wakitumia awali, jambo linalostahili kusikika kwa kila anayedhani lishe bora ni ya matajiri.

Jaribio lilikuwa dogo, na hakuna namna ya kumficha mtu anachokula, hivyo matumaini yenyewe yanaweza kuwa yamechangia. Mwaka 2019 Joseph Firth na wenzake walikusanya majaribio 16 yenye washiriki 45,826: dalili za sonona zilipungua kwa kiasi kidogo, ila kwa wasiwasi hawakuona tofauti. Vidonge vya virutubisho vimefanya vibaya zaidi. Jaribio la MooDFOOD la Ulaya, lenye watu 1,025, halikuona vikizuia sonona. Wala vitamini D haikuizuia katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2020. Kinachoonekana kusaidia ni sahani nzima, wala si kichupa cha dukani.

Namna chakula kinavyoufikia ubongo bado inachunguzwa, na njia moja inayotajwa sana ni kinga ya mwili inayobaki katika mapambano bila adui. Hapa Kilimanjaro ina mchango wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulihusisha vijana wa kiume 77. Waliotoka kwenye chakula cha asili, chenye mboga, kunde, ndizi na nafaka, wakala chakula cha kizungu kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha kinga iliyochokozeka. Waliokwenda upande wa pili walipata kinyume chake. Hisia za washiriki hazikupimwa, lakini sufuria ya dona, maharage, mchicha na dagaa inafanana sana na mlo wa SMILES, bila haja ya mafuta ya zeituni.

Kwa mwenye wasiwasi, kinachopunguzwa huwa na maana zaidi kuliko kinachoongezwa. Kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu huufanya moyo uende mbio na kuiba usingizi; miraa hufanya hivyo hivyo, kisha humwacha mtu mnyong'onyevu. Pombe hutuliza kwa saa chache, halafu wasiwasi hurudi umezidi. Kukaa na njaa nako huleta kutetemeka na jasho ambavyo mgonjwa huvidhania ni hofu.

Ugumu mkubwa uko jikoni. Mara nyingi sonona huua hamu ya kula na nguvu ya kupika, kwa hiyo ushauri unaoishia kwa mgonjwa peke yake hukwama. Afisa lishe mzuri huzungumza pia na anayepika nyumbani. Dawa nazo zina masharti yake ya mlo. Mgonjwa anayetumia lithiamu asipunguze chumvi ghafla, kwani dawa inaweza kujaa mwilini hadi kuwa sumu. Wachache wanaotumia dawa za sonona za kundi la MAOI hukatazwa jibini iliyokomaa na nyama zilizochachushwa, maana shinikizo la damu linaweza kupanda kwa kiwango cha kuua.