Filamu Bubu

Mwambie kijana wa Bugarama kwamba unakusanya filamu bubu, uone atakavyokutazama. Huku kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Msalala hadi Geita, neno bubu limeajiriwa kwingine: gereji bubu haina leseni, machinjio bubu hayajawahi kumwona daktari wa mifugo, na bandari bubu za Ziwa Victoria hazimjui ofisa forodha. Kwa sikio hilo, filamu bubu ni ile iliyonakiliwa kinyemela na kuuzwa kwenye memori kadi. Kumbe mkusanyaji anazungumzia diski ya Blu-ray, halali na ya bei mbaya, yenye kazi ya Charlie Chaplin au Buster Keaton iliyosafishwa fremu kwa fremu.

Kiistilahi, filamu bubu ni ile iliyopigwa bila maneno ya waigizaji kurekodiwa pamoja na picha. Enzi yake ilianza miaka ya 1890 ikafifia mwishoni mwa miaka ya 1920. Maneno ya lazima yaliandikwa kwenye kadi, zikapigwa picha na kuchomekwa kati ya matukio. Yaliyobaki yote yalikuwa kazi ya uso na mikono.

Wapo wanaopenda kusema “filamu kimya”, kwa kufuata Kiingereza. Siwaungi mkono. Kimya ni kukosekana kwa sauti. Bubu ni asiyetamka maneno, na huyo anaweza kucheka, kupiga makofi, hata kupiga ngoma. Kwenye kumbi za wakati ule palikuwa na piano, na zile kubwa zilikuwa na okestra nzima. Filamu ya Chaplin ya 1931, City Lights, ina muziki alioutunga mwenyewe na milio iliyorekodiwa, ila mazungumzo hayasikiki. Kuiita kimya ni kuisingizia. Wafaransa nao husema bubu, na Wajapani walikuwa na msimulizi, benshi, aliyekaa kando ya pazia akiwasemea waigizaji wote.

Benshi hawezi kumshangaza mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijijengea sifa kwa kuweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Zile hazikuwa bubu, lakini kwa mtazamaji asiyejua Kiingereza zilikuwa hivyo hadi Lufufu alipofungua mdomo.

Sasa turudi kwenye ile diski ya Blu-ray: HD, yaani picha yenye nukta nyingi, inaingiaje? DVD tuliyoizoea ina picha ya nukta 720 kwa 576, kama laki nne hivi. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Kwa filamu ya maneno hiyo ni nyongeza nzuri. Kwa filamu bubu ni zaidi ya hapo, maana kope ikichezacheza ndiyo sentensi yenyewe. Lakini HD haifichi aibu. Mwaka 2008 huko Buenos Aires zilipatikana takriban dakika 25 za Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya 1927, zilizodhaniwa kupotea. Zilikuwa kwenye nakala ya milimita 16 iliyojaa mikwaruzo, na kwenye diski mikwaruzo hiyo unaiona yote.

Jambo la kukagua kabla ya kulipa ni kasi. Wapiga picha wa zamani walizungusha kamera kwa mkono, mara nyingi kati ya fremu 16 na 24 kwa sekunde. Blu-ray yenye HD kamili haina kasi ya 16 wala 18, hivyo mtayarishaji hurudia baadhi ya fremu ili mwendo ubaki wa kibinadamu. Asipojali, fremu 16 zikapita kwa kasi ya 24, watu wote wanatembea kama wanakimbizwa na nyuki. Wengi wetu tulidhani Chaplin ndivyo alivyotembea!

Ila kuna kazi za hapa kwetu zinazoisumbua istilahi. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza Notcutt na Latham ulitengeneza filamu za mafunzo, makao yake yakiwa Vugiri, Usambara, na kuzitembeza kwa lori Afrika Mashariki na Kati. Picha zilipigwa kwenye mkanda wa milimita 16 usio na sauti. Simulizi, ikiwemo ya Kiswahili, ilitoka kwenye santuri iliyochezwa sambamba. Tatu zinazojulikana kusalimika zimetunzwa na British Film Institute ya London. Mojawapo inahusu mashamba ya Kingolwira, Morogoro.

Je, ni bubu? Mkanda ni bubu, onyesho halikuwa bubu. Siku zikitolewa kwenye diski, ningependa jalada liandikwe “filamu bubu yenye simulizi ya santuri”, ili mnunuzi ajue aulize santuri iko wapi.