Namba Ishirini na Mbili

Mwaka 2012, Bariadi ilipotoka Shinyanga na kuwa makao ya mkoa mpya wa Simiyu, nilikuwa na Toyota Corolla ya 1993. Taa ya injini haikuzimika. Marekani ililazimisha magari mapya yatumie mfumo mmoja wa kusomea hitilafu kuanzia 1996. Langu, la zamani zaidi, lilisema kwa kukonyeza. Fundi aliunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, tukahesabu: mara mbili, kimya, mara mbili. Sensa ya joto la maji!

Nilinunua mpya, kisha nyingine, kwa fedha ya pamba niliyoiwekea ada ya mtoto. Taa ikarudi.

"Mwalimu, namba inataja njia nzima, si sensa peke yake," akasema. Mbona hakusema mapema? Akachana ganda la waya. Shaba ilikuwa imekatika.