Msasa, Kitambulisho na Uhuru wa Raia nchini Kenya

Wanaopinga vitambulisho vya taifa kwa jina la uhuru huogopa zaidi dola inayomjua raia kupita kiasi. Uingereza ilipitisha sheria ya vitambulisho mwaka 2006 na kuifuta miaka minne baadaye, na hofu hiyo ilichangia. Kenya nayo ina sababu zake za kuogopa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Aliyemkimbia mwajiri alisakwa kwa kipande hicho hicho.

Haishangazi, basi, kwamba usajili wa Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, uliishia mahakamani mwaka 2019. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza ukusanyaji wa DNA na wa taarifa za mahali watu waishipo kwa njia ya GPS, lakini ikaruhusu mpango wenyewe uendelee iwapo zingewekwa kanuni za kutosha. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikasema utoaji wa kadi ulianza kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikuwa zimetathminiwa.

Wengi waliusherehekea uamuzi huo kama ushindi wa uhuru. Nadhani walisherehekea nusu yake. Miongoni mwa walioifikisha kesi ya kwanza mahakamani walikuwamo Wanubi, wajukuu wa askari wa Sudan walioletwa na Waingereza, na malalamiko yao hayakuhusu faragha pekee. Kijana wa Kinubi wa Kibra, Nairobi, alipigwa msasa, yaani alihojiwa kuhusu uraia wake, mbele ya kamati ya wazee na kudaiwa hati za babu yake, ilhali mwenzake wa kabila lisilotiliwa shaka hakuulizwa hayo. Wasomali wa Kenya waliyaonja hayo katika msako wa serikali wa 1989 uliowataka wathibitishe uraia wao. Asiye na kitambulisho hapati kazi rasmi wala laini ya simu, na hapigi kura. Mahakama ilikiri kwamba wapo watakaoachwa nje, ila haikuona kuwa hilo linatosha kuuzuia mpango.

Watetezi wa msasa hutaja kundi la kigaidi la al-Shabaab na mpaka mrefu na Somalia. Hoja hiyo ina uzito, lakini inahalalisha uchunguzi wa mtu mmoja mmoja kwa ushahidi. Haihalalishi kushuku jamii nzima kwa sababu ya majina yake.

Kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha Wakenya Wasomali walioandikishwa utotoni kama wakimbizi katika kambi za Dadaab, kwa sababu ya ukame na njaa. Walipokua, alama za vidole zilizotolewa ili wapate chakula ndizo zilizowanyima kitambulisho. Hapo hofu mbili hukutana: ya dola inayomjua raia kupita kiasi, na ya dola inayokataa kumtambua. Kanuni kwamba taarifa itumike kwa lengo lililokusanyiwa tu, ambayo kwa kawaida humlinda aliyemo daftarini, ingemfaa zaidi huyu aliyefungiwa nje.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir mwisho wa msasa wa ziada. Ila tangazo la rais mmoja laweza kutenguliwa na rais mwingine. Kinachohitajika ni sheria inayompa msajili muda maalumu wa kujibu, inayomtaka aandike sababu za kukataa, na inayomtwika yeye, si mwombaji, mzigo wa kuzithibitisha mbele ya hakimu.