Chupa inayorudi na chupa inayofika Mururu

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Ruzizi. Unaanzia Bukavu, unapita kati ya Kongo na Rwanda, unateremka hadi Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo takataka inayoelea ziwani, iwe imekokotwa na mvua kutoka vilima vya Kadutu mjini Bukavu au imesukumwa na upepo kutoka ng'ambo, isipokwama ufukweni itafika Mururu. Na Mururu ndipo Wabelgiji walipojenga bwawa la umeme la Ruzizi I, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mbele ya mabomba yanayopeleka maji kwenye mitambo kuna machujio ya vyuma. Kazi yake ya asili ni kuzuia magogo, majani na magugu. Taka za mji wa wakati ule zilikuwa maganda, majivu na matambara, vitu vinavyooza au kuzama.

Vinywaji viliuzwa kwenye chupa za kioo, na chupa hizo zilirudi. Bralima, kampuni ya bia iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1923 na ambayo baadaye ilikuwa na kiwanda Bukavu, iliishi kwa utaratibu huo kwa miongo mingi. Mnunuzi aliacha amana au alileta chupa tupu. Mwenye depo alipokea kreti, akainua chupa moja moja na kupitisha kidole mdomoni mwake. Iliyomeguka aliiweka pembeni: "Hii hapana, mama, kiwandani wataikataa." Zilizopita zilikwenda kuoshwa kwa maji moto yenye soda kali, zikakaguliwa, zikajazwa tena. Usafi huo nao una uchafu wake, maana maji ya kuoshea yanahitaji kusafishwa kabla ya kumwagwa. Lakini chupa yenyewe haikutupwa. Ilikuwa mali ya kiwanda, na kila iliyopotea ilikuwa hasara kwake.

Mwaka 1975 kampuni ya 3M ya Marekani ilianzisha mpango wa kuzuia uchafuzi kwenye chanzo chake, kwa hoja kwamba kuzuia kunaleta faida kuliko kusafisha. Mpango huo unatajwa hadi leo wakati kampuni kubwa zinapofundishwa kupunguza taka. Wenye depo wa Bukavu waliifanya hesabu hiyo kila siku, bila kuipa jina.

Plastiki ya kutumika mara moja ndiyo iliyoivunja hesabu hiyo. Kampuni huuza kinywaji, na chombo humbakia mnunuzi ambaye hana pa kukirudisha. Haya yaliukuta mji ukiwa umeelemewa. Baada ya wakimbizi wa Rwanda wa 1994 na vita vya 1996 na 1998, watu wengi walikimbia vijiji wakaja Bukavu, nyumba zikapanda miteremko ambako lori la taka haliwezi kufika. Mifereji, na mito midogo kama Kawa, ikageuka jalala. Lakini tazama bidoni ya njano ya lita 20 iliyokuja na mafuta ya kupikia: ni nadra kuiona imetupwa mtoni. Ina bei, inachotewa maji, ikitoboka inazibwa. Ni wakazi wale wale na mteremko ule ule. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba shida ni tabia ya watu wa Bukavu tu.

Shirika la umeme la Kongo, SNEL, ndilo linalolipia uchafu huo. Wafanyakazi huvuta kwa mikono na kwa mashine chupa, sashe, ndala na makopo yaliyotanda mbele ya bwawa, nyakati za mvua yakiwa zulia zito. Taka nyingine huzama, na wapiga mbizi hushuka mita kadhaa kuzitafuta. Machujio yakiziba, maji hupungua kwenye mitambo. Mapema mwaka 2022 mashine moja kati ya nne za Ruzizi I ilisimama kwa sababu ya taka, zikapotea megawati zaidi ya 6 katika bwawa ambalo jumla yake haifiki 30. Chini kidogo ya mto, Ruzizi II, inayotumiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989, hupokea kilichopita.

Sheria hazikukosekana. Amri ya mwaka 1953 ilitaka viwanda vya hatari na vichafu viwe na kibali. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 iliweka kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe. Desemba 2017 Kinshasa ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, miaka tisa baada ya Rwanda kuweka marufuku yake, lakini sokoni Kadutu sashe ziliendelea kutolewa kwa kila fungu la nyanya. Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Bukavu, na utekelezaji wa sheria za Kinshasa ukawa mgumu zaidi.

Sasa nchi hizo tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, zinapanga Ruzizi III, mtambo wa megawati 206 kwenye mto huo huo. Zinapogawana umeme wake, zigawane pia gharama ya kusafisha Mururu. Na kampuni zinazoleta chupa za plastiki Bukavu ziwekewe sharti la kreti: faranga chache juu ya kila chupa, zirudishwe deponi kwa yeyote atakayeileta, hata mtoto aliyeiokota mferejini.