Upau Uliozaliwa na Barabara Mbovu

Ukifungua boneti ya gari la mtu anayependa mwendo, si ajabu kukuta upau wa chuma au alumini, mara nyingi umepakwa rangi nyekundu au buluu, umelazwa juu ya injini kutoka mnara wa shokapu wa kushoto hadi wa kulia. Wapo wanaouona kuwa pambo la vijana, na wapo wanaouamini kama dawa ya kila kona. Pande zote mbili zinaukosea upau huu kwa sababu hazijui ulikotoka. Ulianza kama jibu la kiwanda kwa barabara mbovu, umbo la bodi lilipokuwa dhaifu mahali fulani panapojulikana. Ni baadaye tu ulipogeuzwa kuwa kifaa cha kuongeza uhodari wa gari, kikafungwa hata pasipokuwa na udhaifu wowote wa kutibiwa.

Udhaifu huo ulikuja na bodi zisizo na chasisi. Gari la zamani lilikuwa na mihimili miwili mizito ya chuma kuanzia mbele hadi nyuma, na bodi ilikalishwa juu yake kama mzigo. Lancia Lambda ya 1922, kisha Citroën Traction Avant ya 1934, zilionyesha kwamba bodi yenyewe inaweza kubeba kila kitu, na gari likawa jepesi na la chini. Gharama yake ni kwamba nguvu zote za magurudumu sasa ziliingia kwenye mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa. Kisha mhandisi Earle MacPherson, aliyehamia Ford kutoka General Motors mwaka 1947, akaleta nguzo yake: springi na shokapu katika kitu kimoja kilichosimama wima, ambacho kichwa chake hushikwa na bodi juu kabisa, karibu na boneti. Ford Consul na Zephyr zilizoonyeshwa London mwaka 1950 ziliitumia, na kwa unafuu wa bei na nafasi iliyoiachia injini, ilienea duniani kote. Lakini kichwa cha nguzo kinashikiliwa pale pale ambapo bodi iko wazi, kwa kuwa boneti hufunika tu, haifungi. Boksi la karatasi lisilo na kifuniko hupinda kwa urahisi ukilishika pembeni, na sehemu ya injini ya gari ni boksi la namna hiyo.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme kutoka kiungo cha chini cha nguzo hadi kichwani ni milimita 600. Mnara ukisukumwa ndani milimita moja katika kona, mwinamo wa tairi hubadilika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya digrii, kiasi ambacho dereva wa kawaida hatakihisi. Ukisukumwa milimita tano, hiyo ni nusu digrii, na hapo tairi la mbele linakanyaga barabara kwa namna nyingine. Kwa hiyo jambo la kwanza kujua ni mnara wa gari husika unasogea kiasi gani.

Katika Ford Falcon ya 1960 ulisogea. Falcon haikuwa na nguzo za MacPherson. Ilikuwa na mikono miwili kila upande, lakini springi yake ilikaa juu ya mkono wa juu na kusukuma moja kwa moja kwenye paa la mnara. Australia, ambako gari hilo lilianza kuuzwa mwaka huohuo, barabara za vumbi na mawe zilivunja sehemu za mbele hadi sifa yake ikaharibika. Ford ya huko ililiimarisha gari mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1965 ikaendesha Falcon kadhaa maili 70,000 mfululizo kwenye uwanja wake wa majaribio wa You Yangs ili kulisafisha jina. Mustang iliyozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 ilijengwa juu ya mifupa hiyohiyo ya Falcon. Yale ya soko la Marekani yalipewa vishikizo viwili vilivyotengana, kila kimoja kikiunganisha mnara wake na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Yale ya kupelekwa nchi za nje yalipewa kipande kimoja kizito cha bati, chenye umbo la V, kilichoikamata minara yote miwili pamoja na ukuta huo. Huu ndio ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine wote. Gari ni lilelile na kiwanda ni kilekile. Kilichotofautiana ni barabara iliyotarajiwa.

Atatokea wa kusema kwamba upau wa pili wa Mustang, ule ulionyooka kutoka mnara hadi mnara, unabeba jina la Monte Carlo, na kwamba mjenzi wa magari ya mbio Carroll Shelby aliuweka pamoja na kile kipande cha nchi za nje kwenye Mustang yake ya GT350 ya 1965, gari lililotwaa ubingwa wa daraja la B wa magari ya kiwandani Marekani katika miaka ya 1965, 1966 na 1967. Hoja hii, kwamba upau ulizaliwa na mbio, ina nguvu, lakini jina lenyewe linatuelekeza kwingine. Mbio za rali za Monte Carlo hufanyika katika barabara za milimani wakati wa baridi, kwenye barafu na mashimo, si kwenye uwanja laini. Ford ilipeleka Falcon huko mwaka 1963 na 1964, na mwaka wa pili Bo Ljungfeldt akawa wa pili nyuma ya Mini ya Paddy Hopkirk. Shelby naye, kwa kile kipande cha nchi za nje, alichukua kifaa ambacho Ford ilikuwa tayari ikikitengeneza kwa wateja wa ng'ambo. Mbio zilikirithi, hazikukizaa.

Mwaka huohuo wa 1964 ndugu wa Falcon, Mercury Comet, ililetwa Afrika Mashariki kukimbia mbio za magari za Safari. Comet sita zilianza, mbili zikamaliza, katika mwaka ambao magari 94 yaliondoka na 21 tu yakafika. Mshindi alikuwa Peter Hughes kwa Ford Cortina GT, gari dogo zaidi lenye nguzo za MacPherson. Peugeot 404, nayo ya nguzo za aina hiyo, ilishinda mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Ushindi huo unafundisha kwamba nguzo si ugonjwa. Kinachoamua ni bati linaloishika, ndiyo maana Ford Escort za mashindano zilitengenezewa bodi nzito iliyoongezwa bati kwenye vichwa vya nguzo. Hannu Mikkola alishinda Safari ya 1972 kwa Escort RS1600.

Mtu wa kawaida aliingia katika historia hii kwa sababu upau hauhitaji kuchomelea. Unafungua nati za juu ya mnara, unaukalisha upau kwenye boliti zilezile, unarudisha nati na kuzikaza kwa spana ya kupimia kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Gari liwe limesimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyo sawa, wala si juu ya jeki, maana bodi iliyoning'inizwa hukaa tofauti na bodi iliyobeba uzito wake. Lakini wenye Mustang kuukuu walipouleta upau wa Monte Carlo nyumbani, wengi walikuta hauingii: matundu hayakuelekeana. Miaka ya uzito wa injini na msukumo wa springi ilikuwa imeiinamisha minara kwa ndani. Walilazimika kuitanua minara kwa jeki kwanza, au kununua upau unaorefushwa na kufupishwa. Kipande cha chuma kisichoingia kilikuwa kimepima ugonjwa wa gari kwa usahihi zaidi kuliko maneno ya fundi yeyote.

Pingamizi la mwisho ni kwamba viwanda vyenyewe viliendelea kuufunga kwenye magari mapya, kama Honda ilivyofanya kwa Integra Type R ya 1995, gari lisilo na nguzo za MacPherson kabisa. Ni kweli, na inaonyesha kwamba mhandisi anayetafuta kila chembe ya ukakamavu hatapuuza upau mwepesi. Lakini Honda ilifanya hivyo baada ya kuiimarisha bodi kwa kuchomelea na kuongeza mabati, na ikaoanisha springi, shokapu na tairi na kazi hiyo. Mnunuzi wa gari lililotumika la kutoka Japani, lenye bushi zilizochakaa na shokapu zinazovuja, akianza na upau atakuwa ameanzia mwisho wa orodha.

Kuna njia ya kujua bila kukisia. Pima umbali kati ya vichwa vya boliti vya minara miwili gari likiwa chini, kisha inua kona moja ya mbele kwa jeki, mahali palipoimarishwa kwa kazi hiyo, na upime tena kwa kipimo kilekile. Ukiona tofauti ya milimita kadhaa, chunguza kwanza kutu na mishono ya mnara, kwa sababu upau uliofungwa juu ya bati lililooza hupitisha nguvu upande wa pili na kuuchosha nao. Bati likiwa zima na tofauti bado ipo, upau una kazi ya kufanya. Namba zikilingana, fedha hiyo iende kwenye tairi.